Rangi na Jirani Yake

Mwaka juzi, msimu wa korosho ulipokuwa umepamba moto na malipo ya minada ya mwanzo yameanza kufika mikononi mwa wakulima, akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa huko Tandahimba waliniagiza kitambaa cha sare kwa ajili ya harusi ya binti wa mwenzao. Walikuwa 24. Kitambaa walikichagua kwenye picha niliyoiweka katika stetasi ya WhatsApp, na picha yenyewe niliiona kuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, kwa sababu nilikuwa nimekitandaza juu ya majani ya mgomba nyuma ya nyumba yetu hapa Mtwara mjini, jua la asubuhi linapenya, na wekundu wake ukawa unawaka. Mzigo ulipofika kwa basi, mwenyekiti wao alinitumia ujumbe wa sauti ambao sijaufuta mpaka leo. "Mwanangu," alisema, wala hakupandisha sauti, "kitambaa ni kizuri, uzuri wake hatuukatai. Lakini sicho ulichotuonyesha. Sisi tuliagiza nyekundu, na hii uliyotuletea ni damu ya mzee."

Alisema kweli. Nilikifungua kipande kilichobaki dukani, nikakilaza juu ya meza nyeupe ya kukatia, na pale mezani kikawa damu ya mzee isiyo na ubishi, wekundu uliozama wenye weusi ndani yake. Nikakipeleka tena kwenye mgomba, kikawaka. Nilirudisha fedha zao zote, gharama ya mzigo kwenda na kurudi nikaibeba mwenyewe, na wao wakatafuta sare kwa muuzaji mwingine siku zikiwa zimebaki chache. Kilichoninyima usingizi ni kwamba sikuwa nimetia filta, sikuwa nimeongeza ukolevu wa rangi, wala sikuwa nimekusudia kumdanganya mtu yeyote. Hata hivyo watu 24 walidanganyika, na picha iliyowadanganya ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma nadharia ya rangi kwa bidii ileile ninayoiweka katika kusoma mshono, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo natamani mtu angenieleza kabla sijaanza kuuza nguo kwa njia ya simu.

Aliyenifungua macho ni mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwaka 1824 aliteuliwa kuongoza kazi ya utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kiwanda kilichosifika kwa mazulia ya ukutani yaliyofumwa picha. Miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilizotumika kutia kivuli kwenye maeneo ya bluu na zambarau hazikuwa na nguvu, zilionekana kana kwamba zimepauka. Chevreul alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akakuta rangi yake haina upungufu wowote. Tatizo lilikuwa katika ujirani: weusi uliolala kando ya bluu ulionekana tofauti na weusi uleule uliolala kando ya kitu kingine. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima kueleza kanuni hiyo, kwamba rangi mbili zikikaa kando kwa kando jicho huzitenganisha zaidi ya zilivyo, kila moja ikimtilia jirani yake kitu cha ile rangi inayotazamana nayo kwenye duara la rangi.

Duara lenyewe ni la zamani kuliko Chevreul, kwani Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704, alikwisha kuzikunja rangi za upinde wa mvua zikakutana ncha kwa ncha. Katika duara wanalofundishwa wachoraji na wabunifu wa mitindo, nyekundu inatazamana na kijani, bluu na chungwa, manjano na zambarau. Sisi wa kusini tunaweza kulielewa hata bila kulichora. Simama mbali kidogo na mkorosho wakati wa mavuno, utazame matawi yake. Mabibo mekundu utayaona mara moja, yamejitenga na majani kana kwamba yametundikwa. Ya manjano yanaweza kuwa mengi vilevile, lakini jicho huchelewa kuyapata, kwa kuwa manjano na kijani zinakaa karibu kwenye duara na hazisukumani kwa nguvu. Kisha chuma bibo jekundu, uliweke juu ya tofali la kuchoma, na mng'ao wote ule utaona umetulia. Bibo ni lilelile, ila limebadilishiwa jirani.

Hicho ndicho nilichokifanya kwenye mgomba bila kujua. Na simu nayo iliongeza lake, maana kamera ya simu hukisia yenyewe mwanga wa mahali ulivyo kabla ya kuamua rangi, na ikikuta picha imejaa kijani huweza kudhani kwamba mwanga wenyewe ndio wenye ukijani, ikaurekebisha kwa kuisukuma picha nzima upande wa waridi. Kitambaa changu kikasombwa humo humo.

Nikitazama nyuma naona kwamba somo hili lilikuwa ndani ya kabati la mama yangu muda wote, limekunjwa doti kwa doti. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Zamani nilidhani pindo ni pambo tu la kumalizia kingo, lakini sasa naamini kwamba ni busara kubwa ya ubunifu. Aliyeichora kanga hajui itavaliwa na nani, itafungwa juu ya gauni la rangi gani, wala itaanikwa mbele ya ukuta gani. Kwa hiyo ameizungushia mji jirani aliyemchagua mwenyewe, na popote kanga itakapokwenda, manjano ya mji itasimama kando ya weusi uleule wa pindo, na kwa sehemu kubwa itaonekana kama alivyokusudia. Ukiichukua kisutu, kanga ya harusi ya pwani yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, utaona jinsi hizo tatu zinavyoshikana: nyeupe inatoa mwanga, nyeusi inatoa kina, na nyekundu katikati yake haihitaji msaada wa kitu chochote cha nje. Jina nalo huandikwa mahali pamoja, kwa maneno machache, ndani ya nafasi yake iliyotengwa, na mara nyingi kwa rangi inayoachana wazi na ile iliyo chini yake.

Nilipoanza kuzitengeneza picha zangu za Instagram kwa kufuata kanga, kazi yangu ilibadilika. Picha ya nguo kwenye mtandao haikai peke yake. Juu yake kuna picha ya mtu mwingine, chini yake kuna tangazo la simu au la matokeo ya mpira, na hakuna anayejua zitakuwa na rangi gani. Basi kila picha naizungushia pindo jembamba la rangi ya maziwa, ili nguo iwe na jirani wa kudumu. Ndani yake nguo ndiyo mji, nayo naiachia nafasi kubwa. Maandishi nayaweka sehemu moja ya chini, machache, kama jina. Nimewahi kushauriwa nijaze nyota, mishale na rangi sita ili mtu asimame, na nilijaribu kwa miezi kadhaa. Nilichokiona ni kwamba watu walisimama kweli, lakini waliuliza maswali ambayo majibu yake yalikuwa yameandikwa palepale, kwa sababu jicho halikuwa na mahali pa kutua.

Kuhusu maandishi, jambo linalosahaulika ni kwamba tofauti ya rangi na tofauti ya mwanga ni vitu viwili. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa mbali sana kwenye duara na bado zikawa na mwanga unaokaribiana, hivyo ukiandika kwa moja juu ya nyingine herufi hucheza machoni na hazisomeki. Miongozo ya kimataifa ya usomekaji wa kurasa za intaneti inataka uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Maandishi meupe juu ya manjano kali ya kwenye kioo cha simu yana uwiano wa takriban 1.07 kwa 1 tu, ilhali meusi juu ya manjano hiyohiyo yanapita 19 kwa 1. Mteja wangu wa Masasi anayefungua simu yake stendi, saa saba mchana, jua limemsimamia utosini, hatasoma bei niliyoiandika kwa herufi nyeupe juu ya manjano hata akikiongezea kioo mwanga mpaka mwisho. Njia rahisi ya kupima ni kuigeuza picha iwe ya rangi ya kijivu tupu kabla ya kuiweka. Maandishi yakipotea hapo, ujue yalikuwa yanaegemea rangi peke yake. Kipimo hichohicho kinawasaidia watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambao miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni takriban 1 kati ya 12, na ambao hata kwetu wapo, ingawa ni wachache zaidi.

Mwanga unastahili aya yake. Mama yeyote anayenunua kitambaa sokoni hukivuta mpaka mlangoni akakitazame juani, na fundi cherehani anayejua kazi hawezi kuoanisha uzi na kitambaa chini ya taa ya dukani. Wanafanya hivyo kwa uzoefu, na sayansi inawaunga mkono kabisa: vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya jua, kwa sababu kila mwanga una mchanganyiko wake na kila dawa hurudisha sehemu yake. Februari 2015 dunia nzima ilibishana juu ya picha moja ya gauni, wengine wakiliona la bluu na nyeusi, wengine jeupe lenye dhahabu, na gauni halisi lilikuwa la bluu na nyeusi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ubongo wa kila mtu ulikisia mwanga wake na kuuondoa. Aliyedhani gauni lipo kivulini aliliona jeupe, aliyedhani limepigwa na taa aliliona la bluu. Watu wengi wakilicheka jambo hilo, mimi nililisoma kwa hofu, kwa sababu ndiyo biashara yangu: natuma picha ya gauni kwa mtu ambaye hajui nilisimama wapi nilipoipiga.

Sasa napiga picha kibarazani, kivulini, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, nguo ikiwa juu ya shuka nyeupe, na pembeni naacha kipande cha karatasi nyeupe kionekane. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Simu inaitumia kupata weupe wa kweli, na mteja anaitumia bila hata kujijua, kwani jicho lake likiona karatasi inayoonekana nyeupe linaiamini rangi iliyo kando yake. Wanaotazama usiku nawaomba wazime ule mwanga wa manjano wa kupumzisha macho ambao simu nyingi huuwasha jioni, maana huo unaweza kuifanya samawati ionekane kijani.

Pamoja na hayo yote, kuna mahali ambapo kioo kinashindwa na hakuna hila ya kukisaidia. Kioo cha simu hutengeneza kila rangi kwa kuchanganya mianga mitatu, nyekundu, kijani na bluu, na kadiri inavyochanganywa ndivyo inavyoelekea kwenye weupe. Kitambaa kinafanya kinyume, kwani dawa zake hunyonya mwanga, na ukizidi kuzichanganya unaelekea gizani. Kipimo cha rangi kinachotumiwa na picha nyingi za mtandaoni kiliwekwa mwaka 1996, na baadhi ya rangi za samawati iliyokolea yenye ukijani, zile zinazopendwa sana kwenye madera, zipo nje ya uwezo wake. Hapo naandika wazi chini ya picha kwamba dera lenyewe limekolea zaidi ya linavyoonekana. Sijawahi kumpoteza mteja kwa sentensi hiyo.

Na hapa Kiswahili kinatupa msaada ambao wauzaji wengi hatuutumii. Lugha yetu ina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi vya asili vinavyofuata ngeli, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi zimeazima jina la kitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, waridi ni ua, ugoro ni ugoro. Kwa hiyo kila jina linakuja na mfano wake mkononi, na mteja wa Newala na mteja wa Kilwa Kivinje wote wanajua jivu lilivyo. Kabla ya tukio la Tandahimba nilikuwa naandika "rangi kali" au "rangi ya kisasa", maneno yasiyomwambia mtu lolote. Kama chini ya picha ile ya mgomba ningeandika maneno matatu tu, damu ya mzee, wale akina mama wasingeagiza.

Yapo majedwali ya maana za rangi yanayozunguka mitandaoni, yakisema kwamba kijani ni mazingira, bluu ni uaminifu, nyekundu ni mapenzi. Siyategemei. Hapa kwetu niliwahi kuweka dera la kijani lenye maua ya manjano, na kabla mtu hajauliza bei maoni yalikuwa yamekwisha kugawanyika kati ya Yanga na CCM; nyekundu na nyeupe zikikutana, mazungumzo ni ya Simba. Nyeupe ni ya kanzu ya Ijumaa na ya shela la bibi harusi, na ni ya sanda vilevile, hivyo kitambaa cheupe kitupu sikipigi picha kikiwa kimekunjwa kwa urefu bila kitu. Nakiweka na uzi wa tarizi au na gauni lililokwisha kushonwa. Maana ambayo muuzaji anaweza kuijenga mwenyewe ni ile inayotokana na kurudiarudia. Maboksi ya Hermès, kampuni ya Ufaransa ya mikoba na skafu za bei kubwa, yalikuja kuwa ya chungwa kwa sababu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi ngumu ya rangi waliyoizoea ilikosekana, wakatumia iliyopatikana. Leo boksi hilo linatambulika hata bila jina. Mimi nimeshika kahawia ya korosho iliyokaangwa kwa maandishi na rangi ya maziwa kwa pindo, na sijabadilisha kwa mwaka mzima ingawa nimeshawishika mara nyingi.

Jambo la mwisho linanigusa kuliko mengine, nalo ni ngozi zetu. Katikati ya karne ya 20 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi za kurekebishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi ngozi nyeusi ilitoka kwenye picha ikiwa giza tupu, sura ya mtu haionekani vizuri. Simu za leo zimesonga mbele, lakini ukimsimamisha dada mweusi mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, simu bado huupima ukuta, ikaipunguzia picha nzima mwanga, na uso wake ukazama pamoja na pindo la kanga yake. Wapo wanaolitatua hilo kwa kumpausha kwa filta, na nguo ikapauka naye. Mimi nagusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime hapo, au namsogeza kwenye ukuta wa rangi ya udongo, na rangi zote mbili, yake na ya nguo, zinatoka zilivyo. Mteja aliye maji ya kunde na mteja aliye mweusi wanahitaji kuona chungwa ileile itakavyokaa kwenye ngozi zao, kwa maana ngozi ndiyo jirani wa mwisho wa kila nguo.

Msimu uliopita, siku chache baada ya kuweka picha ya kitenge cha samawati, simu iliita kwa ujumbe kutoka Tandahimba. Alikuwa yule mwenyekiti. "Mwanangu, hicho kitenge umekipigia picha wapi?" Nilimjibu, "Shikamoo mama. Kibarazani, kivulini, saa tatu asubuhi, juu ya shuka nyeupe." Akaitikia marahaba, kisha akaniomba nikitoe nje nimwonyeshe na juani. Nilikishika kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, nikatembea nacho kutoka kibarazani mpaka uani huku nikirekodi, nikapita nacho makusudi mbele ya mgomba, nikarudi. Akaagiza kipande kimoja. Kilifika kwake Jumatano, na Alhamisi asubuhi akaagiza 23 vilivyobaki.